Chiriku, Aliyepima Mioyo ya Wajawazito

Jina lake la cheti limeandikwa kwenye jalada la ratiba mliyoshika. Nyumbani halikutumika sana. Baba alimwita Chiriku tangu alipoanza kuunganisha maneno mawili, jina likamfuata shuleni, chuoni na hospitali, hata barua za kazini zilikuwa zinafika zimeandikwa hivyo kwenye bahasha. Kwa hiyo wasifu huu unamwita Chiriku, na anayeusoma ni dada yake mkubwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1984, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama mpishi wa shule. Alizaliwa katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, mvua ikipiga bati kwa nguvu hata mkunga akalazimika kupaza sauti ili mama amsikie. Baba alikuwa akisema ndiyo maana mtoto huyu alikuja duniani akidhani sisi wote ni viziwi. Aliongea akiamka, aliongea akila, aliongea akiwa ndani ya shuka. Ukimwambia nyamaza, alikuuliza ninyamaze mpaka lini.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1991, katika shule ile ile ambako mama alikuwa anapika. Mwalimu wa darasa alimvumilia muhula mmoja, kisha akampeleka dawati la peke yake kando ya ukuta. Haukupita muda akamrudisha kwa wenzake. Mama alipouliza sababu, mwalimu alimjibu, “Mama, anaongea na ukuta, na mimi naona ukuta unakaribia kumjibu.” Hata hivyo kichwa alikuwa nacho. Alimaliza sekondari mwaka 2003 akiwa wa kwanza katika fizikia, akajiunga na chuo cha sayansi za tiba kusomea upigaji wa picha za uchunguzi. Alihitimu mwaka 2007. Baba hakuiona siku hiyo. Alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla.

Aliajiriwa katika hospitali kuu mwaka 2008, kwanza chumba cha eksirei, halafu altrasaundi. Mwaka 2011 alipelekwa kusomea kipimo cha moyo kinachoitwa eko, na aliporudi alipewa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, mwisho wa korido ya kliniki ya wajawazito. Chumba hicho kilikuwa na kitanda kimoja, mashine moja na dirisha lililofunikwa karatasi nyeusi ili kioo cha mashine kionekane vizuri. Alifanya kazi humo mpaka nguvu zilipomwisha.

Wengi mlimuuliza kazi yake ni nini hasa, naye hakuchoka kueleza, kwa hiyo nitaeleza kama alivyoeleza yeye. Mama anapobeba mimba, moyo wake unabebeshwa kazi karibu mara moja na nusu ya ile uliyoizoea. Mioyo mingi inaweza. Michache inashindwa, na inashindwa polepole, kwa dalili zinazofanana na uchovu wa mimba ya kawaida: pumzi fupi, miguu kuvimba, kushindwa kulala chali. Kwa macho huwezi kutofautisha. Eko inatofautisha. Haina sindano, haina kisu, haina mionzi ya kumdhuru mtoto. Unapakwa jeli kifuani, kifaa kinapita juu ya ngozi, sauti ambayo sikio halisikii inaingia na kurudi, na kwenye kioo unauona moyo wenyewe ukifunguka na kufumba. Unaweza kupima unasukuma kiasi gani cha damu kila unapokaza. Moyo mzima unasukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo.

Jeli ile ni ya baridi, na wanawake walikuwa wanaruka ikiwagusa. Chiriku aliiweka chupa ndani ya jagi la maji ya moto, na wakati wote alikuwa anaongea. Alijua bei ya nyanya, alijua nani kajifungua mapacha, alijua dawa ya kiungulia. Mama mmoja alimwambia mume wake nje ya mlango, “Sijui kama nimepimwa au nimetembelewa.”

Mume wake alimpata humo humo. Mwaka 2012 umeme wa chumba ulikuwa unakatika kila mara katikati ya kipimo, akaitwa fundi umeme. Fundi alimaliza soketi akabaki anaiangalia mashine.

“Hii inaona moyo?” aliuliza.

“Inaona.”

“Basi nipime uniambie kama ndani kuna mtu.”

Chiriku alimjibu bila kugeuka, “Inaona milango ikifunguka na kufungwa. Nani kaingia haionyeshi. Hilo utanieleza mwenyewe.”

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2013. Fundi ni mtu wa maneno machache, na watu walisema wamekutana kisima na ndoo. Aliwahi kuulizwa anawezaje kuishi na redio isiyozimwa. Akasema nyumba aliyokulia ilikuwa kimya mno, na hakuipenda.

Mwaka 2016 Chiriku alikuwa mjamzito. Tulifurahi, na nataka niseme kwa uaminifu kwamba hakuna aliyeona kitu. Kuanzia mwezi wa saba wa mimba alianza kuhema akipanda ngazi. Mama mkwe wake alisema mimba ya mtoto wa kiume ndivyo ilivyo, inachosha. Kliniki walimpa vidonge vya kuongeza damu. Mimi nilimwambia apunguze kazi. Yeye mwenyewe, ambaye kila siku alikuwa anawapima wanawake wenye dalili hizo hizo, alisema ni uzito. Baadaye aliniambia, “Dada, miguu ilivimba nikaenda kununua viatu vikubwa. Ningemwona mgonjwa kafanya hivyo ningemgombeza.”

Aliyeshtuka wa kwanza ni mama yetu, na alishtuka kwa sababu ya simu. Chiriku alikuwa anampigia kila jioni na kumweleza siku nzima, na mama alikuwa anaiweka simu kwenye meza na kuendelea na mboga zake huku akisikiliza. Siku moja mama alinipigia akasema, “Mdogo wako leo ameongea kidogo, kisha akanyamaza, kisha akaongea kidogo. Kuna nini?” Nikasema amechoka. Mama akasema, “Mwanangu hachoki kuongea. Nenda ukamwone.”

Sikuwahi kufika. Asubuhi iliyofuata, tarehe 20 Oktoba, Chiriku alikuwa na wanafunzi wa chuo waliokuja kujifunza eko. Mgonjwa waliyemtarajia hakutokea. Ili siku isipotee, Chiriku alisema, “Mjamzito mnaye hapa, mnamtafuta nani tena?” akapanda kitandani, akalala ubavu wa kushoto, akamkabidhi kifaa mwanafunzi mmoja wa kike. Mwanafunzi huyo baadaye alikuja kuwa mwenzake kazini, na yupo hapa leo. Ndiye aliyenisimulia, nami nasoma kwa ruhusa yake.

Mwanafunzi alipata picha, akaiangalia, akahamisha mkono, akaiangalia tena. Akasema, “Samahani dada, nadhani sijashika vizuri. Moyo haukazi.”

Chiriku aligeuza shingo kuangalia kioo. Hakusema kitu kwa muda, na wanafunzi wale, ambao tangu saa mbili walikuwa wakimsikia yeye tu, wakajua kuna jambo.

“Umeshika vizuri,” alisema. “Usiondoe mkono. Pima.”

Mwanafunzi alipima. Moyo wa Chiriku, badala ya kusukuma zaidi ya nusu, ulikuwa unasukuma chini ya theluthi. Ulikuwa umetanuka na kulegea. Mmoja wa wanafunzi alianza kulia. Chiriku akamwambia, “Utalia baadaye. Haya ndiyo mliyokuja kujifunza. Angalieni vizuri, maana si kila siku mgonjwa anaweza kujibu maswali yenu.” Akawaonyesha kwa kidole ukuta wa moyo usiosogea, akawaambia jina la ugonjwa: kulegea kwa misuli ya moyo kunakoletwa na ujauzito. Kisha akaomba asaidiwe kuinuka, kwa sababu pumzi ilikuwa imemwisha, na akatuma aitwe daktari wa moyo.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji siku chache baadaye, kabla ya wakati wake, mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja cha baba yake. Chiriku hakumwona kwa wiki nzima. Alikuwa amewekewa oksijeni, ameketishwa kwa mito kwa kuwa akilala chali maji ya mapafuni yalikuwa yanamzamisha. Mume wake alikuwa anapanda na kushuka kati ya wodi mbili, akimpelekea mke habari za mtoto na mtoto habari za mama yake. Wauguzi wanasema hawajawahi kumsikia mwanamume akimsimulia kitoto cha chupani, kwenye mashine ya joto, mambo mengi hivyo. Ni siku zile pekee fundi aliongea.

Wote wawili walitoka salama. Lakini moyo wa Chiriku haukurudi ulivyokuwa. Kwa dawa ulipanda, tukashangilia, kisha ukakwama chini ya kiwango cha kawaida na haukusogea tena. Daktari wa moyo aliwaita mke na mume, akafunga mlango, akawaambia mimba nyingine itamuua. Hakuzunguka. Chiriku alimshukuru kwa hilo mpaka mwisho.

Yaliyofuata yanajulikana kwenye ukoo, na mama mkwe wake ameniruhusu niyaseme. Mtoto alipofikisha miaka miwili, kiliitwa kikao. Mama mkwe alisema mtoto mmoja ni kama jicho moja, likiingia mchanga umekuwa kipofu. Alisema wanawake wote huugua kwa uzazi, na bado dunia imejaa watu. Fundi alisubiri wazee wote wamalize, akasema, “Mama, mimi nilioa mke. Sikununua shamba.” Akanyanyuka akaenda kuosha vyombo.

Mama mkwe alichukia, na kwa miezi kadhaa hakukanyaga pale. Chiriku ndiye aliyemfuata. Alimwomba amsindikize kazini, akamlaza kitandani, akampaka jeli, akamwonyesha moyo wake mwenyewe kwenye kioo. Mama mkwe aliuangalia ukikaza na kuachia, akauliza, “Huu ni wangu?” Chiriku akasema ni wake, na ni mzuri, utafika miaka tisini. Kisha akamwita mwenzake, akapanda yeye kitandani, akasema, “Na huu, mama, ni wangu. Angalia mwenyewe.” Mama mkwe aliangalia. Hakuhitaji kufasiriwa. Alichukua taulo akamfuta Chiriku jeli kifuani kwa mkono wake. Mwezi uliofuata alihamia kwao. Ndiye aliyekuwa akichota maji, akifua, akimbeba mtoto mgongoni, na hakuna aliyemsikia tena akitaja mjukuu wa pili.

Kazini Chiriku alikuwa amesharudi zamani, kabla sisi hatujataka arudi. Mwaka 2018 kuna mama mmoja mfanyabiashara wa sokoni, mjamzito, aliandikiwa eko. Foleni ilikuwa ndefu, mashine ni moja, na kuna wagonjwa wa kulazwa waliotangulizwa. Mama yule alingoja tangu asubuhi akihema, mtu wa mapokezi akamwambia hiyo ni mimba tu, arudi wiki ijayo. Hakurudi. Alikufa nyumbani kwake, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Chiriku alikwenda msibani. Hakuna aliyemjua pale, akakaa nyuma na wanawake wa sokoni, na huko alisikia watu wakisema marehemu alirogwa na mke mwenza.

Siku iliyofuata aliingia ofisi ya mganga mkuu. Mganga mkuu ni mtu mwema, lakini alikuwa na hospitali nzima ya kuibeba, akamwambia mashine moja haiwezi kugawanywa. Chiriku akasema hataki kuigawa. Anataka asubuhi moja kwa wiki, kila mjamzito anayehema apimwe kabla hajaambiwa ni kawaida. Mganga mkuu akasema atalifikiria. Chiriku akasema, “Fikiria, mkubwa, mimi nipo,” akakaa kwenye kiti cha mkabala na kuanza kumsimulia habari za mama wa sokoni, watoto wake aliowaacha, na mke mwenza anayesingiziwa. Aliendelea mpaka katibu akaja kuchungulia. Inasemekana mganga mkuu alitia sahihi ili apate kwenda kula chakula cha mchana, ingawa mwenyewe anasema alishawishika mapema, ila hakupata nafasi ya kusema.

Ndivyo ilivyoanza kliniki ya Jumatano. Wengi waliopimwa walikuwa wazima, na Chiriku alifurahi kuwafukuza. “Moyo wako mzima, nenda kalalie mito miwili, usinijazie korido.” Wachache hawakuwa wazima. Baadhi waliokolewa, na naona nyuso zao hapa. Wengine moyo ulionekana umelegea, dawa zikaanzwa, madaktari wakajitahidi, na bado wakafa. Nasema hili kwa sababu yeye alitaka lisemwe. Kipimo kinaonyesha, hakiponyi. Siku za vifo vile alikuwa anarudi nyumbani, anakaa jikoni na koti la kazini, na mume wake anamwachia redio ikiimba yenyewe.

Mwaka 2021 alipata maambukizi ya kifua, na moyo wake haukustahimili. Ulianza kushuka. Alihamia kupima akiwa amekaa, kisha akaacha kupima akabaki kufundisha tu. Maji yalijaa miguuni na tumboni. Dawa za kuyatoa zilimfanya aamke kila mara. Chumvi ilikatazwa, na kwa kuwa mama mkwe alikataa kupika vyungu viwili, nyumba nzima ilikula bila chumvi kwa miaka miwili.

Kilichotuuma zaidi ni ukimya. Yule mtu wa maneno sasa alikuwa anachagua maneno kama mtu anayechagua mchele. Alisema matatu, alipumzika, alisema mawili. Mwanawe alijifunza kumngoja. Watu wazima tulikuwa tunammalizia sentensi, naye alikuwa anatikisa kichwa kwa hasira kwa sababu tulikuwa tunakosea. Mtoto hakummalizia. Alikaa pembeni ya kitanda akimtazama mdomo mpaka neno litoke.

Alilazwa mara ya mwisho tarehe 15 Mei mwaka huu, 2023. Nilikuwepo alipopelekewa mashine kitandani, mashine yake mwenyewe, ikishikwa na yule aliyekuwa mwanafunzi wake. Mpimaji alianza kugeuza kioo upande wa Chiriku kama ilivyo desturi yao.

“Geuza huko,” Chiriku alisema.

“Dada, hutaki kuona?”

“Angalia wewe.” Alivuta pumzi. “Leo mimi ni mgonjwa tu.”

Mpimaji alipima huku machozi yakimdondoka, na mkono wake haukutetemeka. Chiriku aliusifia mkono huo, si machozi.

Wiki ile aliniagiza niandike wasifu huu. Aliniagiza kwa siku kadhaa, kipande kwa kipande. Alisema nisiandike kwamba alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. “Sikuugua muda mfupi. Niliugua miaka saba.” Alisema nisimwache mtu aondoke hapa akidhani yeye Chiriku amerogwa, au akimlaumu mume wake, au mama mkwe wake, au mtoto. Hasa mtoto. Nilimuuliza kama anajuta kuibeba ile mimba. Aliniangalia kama alivyokuwa ananiangalia tulipokuwa wadogo nikiuliza swali la kijinga, akasema, “Dada. Wewe andika.” Nimeandika.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, katika wodi ya wanawake ya hospitali aliyoifanyia kazi, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Mume wake alikuwa amemletea chai. Alimwambia, “Weka hapo, ipoe.” Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Daktari wa moyo aliitwa akaja akikimbia, na walijitahidi kadiri walivyoweza. Familia inawashukuru wote, na haina lawama kwa mtu.

Ameacha mume, fundi umeme, ambaye tangu siku ile analala na redio ikiwa imewashwa. Ameacha mwana mmoja wa kiume, ambaye asubuhi hii ameniuliza kama ni kosa lake, nami nimemjibu mbele ya baba yake na bibi zake wote wawili kwamba si kosa lake, na nitamjibu hivyo kila atakapouliza mpaka awe mtu mzima. Ameacha mama mzazi, mama mkwe, dada mmoja, wapwa, majirani, wafanyakazi wenzake, na wanawake ambao hatuwezi kuwataja, pamoja na watoto waliozaliwa huku mama zao wakibaki hai.

Moyo wake ulifanya kazi kubwa kuliko nguvu zake, miaka saba bila kupumzika hata asubuhi moja. Sasa upumzike, na mwenye moyo apumzike kwa amani.